Setilaiti Ndogo na Dalili za Tetemeko la Ardhi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Dalili ya mvua ni mawingu. Dalili ya tetemeko la ardhi ni nini, na je, inaweza kuonekana kutoka juu? Swali hilo limewashughulisha watafiti wa anga tangu miaka ya mwisho ya 1970, na siku hizi hata wanafunzi wa vyuo vikuu hulijaribu kwa visanduku vidogo wanavyovijenga wenyewe. Haya ndiyo maswali tunayoulizwa zaidi.

Je, kuna setilaiti inayoweza kutabiri tetemeko la ardhi?

Hakuna. Tunaanza na jibu hili kwa sababu wengi huja hapa wakitoka kusoma kichwa cha habari kinachosema vinginevyo.

Utabiri unaostahili jina hilo hutaja mambo matatu kabla tukio halijatokea: mahali, wakati na ukubwa, yote kwa mipaka inayopimika. Mtu akikwambia mwezi huu kutakuwa na tetemeko mahali fulani kandokando ya Pasifiki, hajatabiri kitu. Huko ardhi hutikisika kila siku. Duniani kote hutokea takriban matetemeko 15 kwa mwaka yenye ukubwa wa 7 au zaidi, na yale ya ukubwa wa 5 na kuendelea hupita elfu moja. Idara ya Jiolojia ya Marekani, USGS, husema bila kupepesa kwamba si yenyewe wala mwanasayansi mwingine yeyote aliyewahi kutabiri tetemeko kubwa.

Sasa kama haziwezi kutabiri, zinarushwa za nini?

Kupima madai. Zimeandikwa ripoti nyingi mno za mabadiliko ya ajabu yaliyoonekana kabla ya matetemeko: sumaku iliyochafuka, elektroni zilizopungua au kuongezeka angani, joto lililopanda juu ya ardhi. Ripoti nyingi kati ya hizo zimetoka kwenye kituo kimoja, tetemeko moja, mtafiti mmoja. Huwezi kujenga sayansi juu ya mguu mmoja. Setilaiti huzunguka dunia nzima kwa kifaa kilekile, ikipita juu ya mamia ya matetemeko na, jambo ambalo watu husahau, juu ya maelfu ya mahali ambapo hakuna kilichotokea.

Ni dalili gani hasa zinazotafutwa?

Kubwa ni mbili. Ya kwanza ni mawimbi ya sumaku na umeme ya masafa ya chini sana, kuanzia sehemu ndogo ya hezi moja (hezi moja ni mtikisiko mmoja kwa sekunde) hadi maelfu kadhaa ya hezi. Ya pili ni hali ya ionosfia, yaani lile tabaka la juu la hewa, kuanzia takriban kilomita 60 na kuendelea, ambako miale ya jua huzing'oa elektroni kutoka kwenye atomu. Setilaiti hupima idadi ya elektroni hizo, joto lake na mtikisiko wake.

Wapo wanaotazama pia joto la uso wa ardhi kwa kamera za infraredi, na wengine huhesabu chembe zenye nguvu zinazodondoka kutoka kwenye mikanda ya mionzi inayoizunguka dunia. Mimi binafsi naona joto la ardhi ndiyo dalili dhaifu kuliko zote: wingu moja, mvua moja au upepo uliogeuka hutosha kuharibu kipimo.

Mwamba uliozikwa kilomita 10 chini unawezaje kuigusa anga iliyo mamia ya kilomita juu?

Hapa ndipo penye ubishi wenyewe, kwa hiyo tukae kidogo.

Nadharia moja, inayohusishwa zaidi na mwanafizikia Friedemann Freund, inasema kwamba mwamba wa volkano ukibanwa kwa nguvu kubwa, vifungo fulani vya oksijeni ndani ya madini yake hukatika na kuachia chaji chanya. Chaji hizo husafiri kutoka sehemu iliyobanwa kwenda sehemu isiyobanwa, kama betri inavyofanya. Maabara yameonyesha mkondo mdogo wa umeme kwenye vipande vya mwamba vilivyobanwa. Kipande cha mwamba mezani, hata hivyo, ni kikavu, na ganda la dunia lina maji yenye chumvi ndani ya nyufa zake. Maji hayo hupitisha umeme vizuri na huweza kuizima chaji kabla haijafika popote.

Nadharia ya pili inapitia gesi ya radoni. Urani iliyomo kwenye mawe huoza polepole na mwishowe huzaa radoni, ambayo nusu yake hutoweka kila baada ya siku 3.8. Nyufa zikifunguka kabla ya tetemeko, gesi zaidi hupanda juu, hutia chaji kwenye hewa iliyo karibu na ardhi, na mabadiliko hayo ya umeme wa hewa hupanda ngazi hadi ionosfia. Mnyororo mrefu huo, na kila pete yake inahitaji kupimwa peke yake.

Kisha kuna kizuizi ambacho hakina ubishi. Mwamba humeza mawimbi ya redio. Katika mwamba wenye upitishaji wa wastani, wimbi la hezi 1000 hufifia sana baada ya kama mita 160 tu. Wimbi la hezi 1 hufika kama kilomita 5. La sehemu moja ya mia ya hezi, kilomita 50. Ndiyo maana watu wa fani hii hung'ang'ania masafa ya chini kabisa: ya juu hayawezi kutoka shimoni yakiwa hai.

Na lipo jambo moja lililothibitishwa kikamilifu, ingawa linakuja kwa upande usiotufaa. *Baada* ya tetemeko kubwa, ardhi inayopanda na kushuka huisukuma hewa kama ngozi ya ngoma, na wimbi hilo la sauti hufika ionosfia dakika kama 10 baadaye. Liligunduliwa kufuatia tetemeko la Alaska la tarehe 27 Machi 1964, na leo hupimwa kwa kawaida kwa mawimbi ya GPS. Kwa hiyo njia kutoka ardhini hadi angani ipo. Kinachotafutwa ni mtu anayeitumia kabla ya mlango kugongwa.

Wazo hili lilipata nguvu wapi?

California, tarehe 17 Oktoba 1989. Timu ya Antony Fraser-Smith wa Chuo Kikuu cha Stanford ilikuwa na kifaa cha kupima kelele za sumaku za masafa ya chini mahali paitwapo Corralitos. Hawakuwa wakitafuta tetemeko. Likatokea la Loma Prieta, ukubwa wa 6.9, na kitovu chake kikawa kilomita 7 tu kutoka kwenye kifaa hicho. Walipofungua kumbukumbu wakakuta kelele zilikuwa zimeanza kupanda wiki kama mbili kabla, na saa tatu kabla ya tetemeko zikaruka mno.

Bahati ya namna hiyo haiji mara mbili, na kwa miaka 20 kipimo hicho kimoja kilikuwa ndiyo nguzo ya fani nzima. Mwaka 2009 watafiti wengine walirudi kwenye data ileile, wakailinganisha na vituo vya mbali, wakahitimisha kwamba yaelekea kifaa chenyewe kilikuwa na hitilafu. Wapo ambao hawajakubali hadi leo. Ila ukitaka kujua kwa nini watu waliamua kupeleka kipimo angani, ni hapo: kuweka kifaa kwenye kila ufa wa dunia haiwezekani, na kusubiri tetemeko lije lilipo kifaa chako ni kazi ya maisha.

"Ndogo" ni ndogo kiasi gani?

Setilaiti za mchemraba zilianza mwaka 1999, pale Bob Twiggs wa Stanford na Jordi Puig-Suari wa Cal Poly walipokubaliana kipimo cha kawaida: mchemraba wa sentimita 10 kila upande. Unaweza kupanga mitatu, sita au zaidi kuwa kitu kimoja. Zile za kilo mia hivi huitwa ndogo pia, ingawa ukiiweka moja kando ya setilaiti ya mchemraba utacheka.

Ya mchemraba ya kwanza kutafuta dalili hizi ilikuwa ipi, na ilipata nini?

QuakeSat. Ilijengwa na wanafunzi wa Stanford pamoja na kampuni ya QuakeFinder, ikarushwa kutoka Plesetsk, Urusi, tarehe 30 Juni 2003. Michemraba mitatu, chini ya kilo 5. Ndani yake mlikuwa na kihisi kimoja cha sumaku kilichotokezwa nje kwa mkono wa kukunjuka ili kisisikie kelele za setilaiti yenyewe.

Ilifanya kazi kwa muda mrefu kuliko ilivyotarajiwa, na hilo peke yake lilikuwa habari wakati huo, maana watu wengi walidhani visanduku hivi ni vya kuchezea. Ilirekodi milio mingi ya kuvutia. Hakuna hata mmoja uliothibitishwa kuwa umetoka kwenye mwamba uliokuwa karibu kupasuka.

DEMETER ni nini na kwa nini hutajwa kila mara?

Kwa sababu ndiyo iliyofanya kazi hii kwa subira kuliko nyingine zote. Ilikuwa setilaiti ya Ufaransa ya kilo kama 130, iliyorushwa tarehe 29 Juni 2004 na kufanya kazi hadi Desemba 2010, ikizunguka kwanza kwa urefu wa kilomita 710 kisha 660 hivi. Michel Parrot ndiye aliyekuwa mwanasayansi wake mkuu.

Badala ya kushika tetemeko moja maarufu na kulitafutia dalili, kundi la František Němec, Parrot na wenzao lilikusanya maelfu ya matetemeko pamoja na kupima wastani. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2008 yalikuwa ya kiasi, na kwa maoni yangu ndiyo maana yanaaminika kuliko mengine: usiku, katika saa 4 za mwisho kabla ya matetemeko ya ukubwa wa 4.8 au zaidi yaliyo na kina kisichozidi kilomita 40, nguvu ya mawimbi karibu na kilohezi 1.7 ilipungua kidogo. *Ilipungua*, haikuongezeka. Wengi walikuwa wakitega sikio kusikia mlio, na kilichojitokeza kilikuwa ukimya.

Kilohezi 1.7 si namba ya kubahatisha. Kati ya ardhi na sehemu ya chini ya ionosfia kuna kama bomba ambamo mawimbi ya radi husafiri, na karibu na masafa hayo usiku ndipo bomba huanza kuyazuia. Dari ya bomba ikishuka kidogo tu, mpaka huo husogea. Kwa hiyo upungufu ule unaweza kuwa na maana kwamba ionosfia ya chini ilishuka juu ya eneo husika.

Lakini angalia vizuri. Upungufu huo hauonekani kwenye tetemeko lolote moja. Hujitokeza tu ukichanganya maelfu. Ni kama kujua kwamba wanafunzi waliokunywa chai asubuhi wamefaulu kwa nusu alama zaidi kwa wastani. Huwezi kumtazama mmoja ukajua kama alikunywa. Kwa utabiri haifai kitu. Kwa mwanasayansi anayetaka kujua kama kuna chochote pale, ni mlango ulioachwa wazi.

Kuna aliyejaribu kuufungua mlango huo kwa setilaiti ndogo?

Japani wanajaribu. Chuo Kikuu cha Nihon kimetengeneza setilaiti iitwayo Prelude, ya michemraba sita, kwa lengo hasa la kuupima tena ule upungufu wa mawimbi. Napenda mradi wa namna hii kuliko ule unaotangaza kwamba utaokoa dunia: swali moja, kifaa kimoja, jibu la ndiyo au hapana.

Na Zhangheng-1 ya China?

Si ndogo, ina uzito wa kilo kama 730. Tunaitaja kwa sababu ndiyo kubwa katika uwanja huu. China ilishirikiana na Italia, ikarushwa tarehe 2 Februari 2018, na ya pili ikafuata Juni 2025. Imepewa jina la Zhang Heng, aliyetengeneza chombo cha kugundua mitetemo ya ardhi mwaka 132. Hupita njia ileile kila baada ya siku tano, kwa urefu wa kilomita 500 na ushei, na vipimo vyake ni bora kuliko chochote kinachoweza kuingia kwenye mchemraba. Wachina wenyewe huieleza kuwa ya utafiti, wala hawadai inatabiri.

Kama kubwa ni bora, ndogo za nini?

Kwa sababu ya saa. Fanya hesabu hii. Setilaiti iliyo kilomita 500 juu huzunguka dunia kwa dakika kama 95, yaani mara 15 kwa siku. Kwenye ikweta, njia zake za mizunguko inayofuatana huachana kwa karibu kilomita 2,700. Ukipita juu ya eneo lenye upana wa kilomita 1,000, unalimaliza kwa dakika mbili na sekunde chache. Kisha umeondoka.

Sasa chukua ile dalili ya DEMETER: saa 4 za mwisho, usiku tu. Setilaiti moja hupita usiku juu ya upande huo wa dunia mara moja kwa siku, na mara nyingi haipiti hata juu ya eneo lenyewe, hupita mashariki au magharibi yake. Ukikosa dirisha, umekosa. Ukiona kitu, hujui kama kilianza dakika tano au saa tano zilizopita, wala kama kimetulia juu ya ufa au kinatembea na jua.

Setilaiti kumi na mbili dhaifu kidogo, zikiwa kwenye mizingo tofauti, zingejibu maswali ambayo moja nzuri haiwezi kuyajibu kamwe. Ya kwanza ikiona jambo, ya pili inapita nusu saa baadaye na kuuliza: bado lipo? Limehama? Dalili inayotoka ardhini inapaswa kukaa juu ya mahali pake. Dhoruba kutoka kwenye jua hutembea na kuenea. Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote ya kutumia setilaiti ndogo, na gharama nafuu inaifuata tu nyuma.

Ugumu uko wapi kwenye kuzitengeneza?

Mwingi, na hautajwi vya kutosha. Sumaku kwanza. Kila waya unaopitisha mkondo hutengeneza sumaku yake. Paneli za jua, betri, injini ndogo zinazoigeuza setilaiti, vyote hupiga kelele. Kwenye setilaiti kubwa unatoa mkono wa mita nne ukaweka kihisi mwishoni. Kwenye mchemraba, mkono wa nusu mita tayari ni mradi wa shahada. Wahandisi hupanga waya kwa jozi zinazofutana, huzima vifaa wakati wa kupima, na huweka vihisi viwili ili kelele za nyumbani zitambuliwe na kutolewa.

Kupima elektroni nako kuna mtego wake. Kifaa cha kawaida ni kijiti kinachopewa volti mbalimbali na kuhesabu elektroni kinazovuta. Elektroni zilizovutwa lazima zirudishiwe angani kupitia ngozi ya setilaiti. Ngozi ikiwa ndogo, setilaiti nzima hubadilika chaji katikati ya kipimo, na unachokisoma ni hali ya setilaiti badala ya hali ya anga. Nimeona grafu nzuri ajabu zilizokuwa hazina kingine ila hicho.

Halafu kuna kuteremsha data. Redio ya biti 9,600 kwa sekunde, ambayo setilaiti nyingi za wanafunzi zimeitumia, ikipita juu ya kituo kwa dakika 10 hushusha chini ya megabaiti moja. Picha moja ya simu ni nzito kuliko hiyo. Kwa hiyo lazima setilaiti ichague nini cha kutuma, na aliyechagua atume tu "matukio ya ajabu" ameshaharibu utafiti, kwani siku za kawaida ndizo kipimo cha ajabu.

Kila baada ya tetemeko kubwa nasoma kwamba setilaiti "ziliona dalili siku kadhaa kabla". Niamini?

Usikatae, usiamini, uliza. Ukishachimba kumbukumbu baada ya tukio, hutakosa kitu.

Tuseme tunaita siku "ya ajabu" ikiwa kipimo kimetoka nje ya kawaida kiasi kwamba hutokea siku 1 tu kati ya 20. Tetemeko limetokea, unarudi nyuma siku 15. Uwezekano wa kukuta angalau siku moja ya ajabu, bila tetemeko kuhusika kwa lolote, ni asilimia 54. Sasa tuseme una vipimo vinne visivyotegemeana: elektroni, sumaku, joto, chembe. Uwezekano kwamba angalau kimoja kitakuwa na siku ya ajabu unafika asilimia 95. Ni kupiga ramli kwa kompyuta.

Upana wa eneo huongeza tatizo. Watafiti wengi hutumia kanuni ya Dobrovolsky kukadiria umbali ambao maandalizi ya tetemeko yanaweza kuhisiwa. Kwa ukubwa wa 6 inatoa kilomita kama 380 kila upande. Kwa ukubwa wa 7, zaidi ya kilomita 1,000. Duara la namna hiyo karibu na Japani au Indonesia huwa na tetemeko ndani yake karibu kila wakati.

Kwa hiyo anayekuletea habari mwombe jedwali la visanduku vinne. Mara ngapi dalili ilionekana na tetemeko likaja? Mara ngapi ilionekana lisije? Mara ngapi tetemeko lilikuja bila dalili? Mara ngapi hapakuwa na chochote? Taarifa za habari hujaza kisanduku cha kwanza peke yake. Kisha uliza siku hizo jua lilikuwaje. Dhoruba ya sumaku kutoka kwenye jua huitikisa ionosfia kuliko tetemeko lolote linavyodhaniwa kuweza, na vipimo vya dhoruba hizo hutolewa wazi kila siku.

Hata wataalamu makini hunaswa. Baada ya tetemeko la Tohoku, Japani, la tarehe 11 Machi 2011, ukubwa wa 9.0, Kosuke Heki alionyesha kwa data za GPS kwamba elektroni juu ya eneo zilianza kuongezeka kama dakika 40 kabla. Wengine wakajibu kwamba ongezeko hilo huenda limetokana na namna mstari wa kawaida ulivyochorwa: ionosfia ilishuka sana *baada* ya tetemeko na tsunami, na ukichora mstari kutoka kabla hadi baada, kilichokuwa kawaida huonekana kama kilima. Mjadala ulikuwa mkali, na ulikuwa wa kistaarabu. Mwaka 2023 hadithi ikajirudia kwa sura nyingine: utafiti uliokusanya GPS za ardhini kabla ya matetemeko 90 ulionyesha ufa ukiteleza kidogo katika saa mbili za mwisho, na muda mfupi baadaye wengine wakaonyesha kwamba kelele za mitambo zinaweza kutoa sura hiyohiyo.

Wachina si walitabiri tetemeko la Haicheng mwaka 1975?

Watu wengi walihamishwa kabla ya tetemeko la tarehe 4 Februari 1975, hilo ni kweli. Lakini lilitanguliwa na mitetemo midogo mingi iliyowaogofya watu, na uamuzi wa kuhama ulichangiwa sana na hofu hiyo. Mwaka uliofuata, tarehe 28 Julai 1976, Tangshan ilipigwa bila onyo, na hesabu rasmi ya waliokufa ni zaidi ya watu 240,000.

Simu yangu huweza kutoa tahadhari ya tetemeko. Si ni utabiri huo?

Hapana. Tahadhari hiyo hutolewa tetemeko likiwa limeshaanza. Ardhi ikipasuka, wimbi la kwanza, jepesi, hukimbia kilomita kama 6 kwa sekunde, na lile linalobomoa hufuata kwa kilomita 3 na nusu hivi. Vihisi vya karibu hulinasa la kwanza, na ujumbe wa redio huyashinda yote mawili mbio. Mexico ina mfumo wa aina hii tangu 1991, Japani iliufungulia umma mwaka 2007. Ukiwa mbali na kitovu unapata sekunde kadhaa, pengine dakika moja. Ukiwa juu yake hupati kitu. Mfumo huu hufanya kazi kweli, na setilaiti za dalili hazihusiki nao.

Vipi setilaiti za rada?

Hizo ni habari nyingine, na ni habari njema. Rada hulinganisha picha mbili za ardhi zilizopigwa siku tofauti na kuonyesha ilivyosogea kwa sentimita, hata milimita ikiwa picha ni nyingi. Tetemeko la Landers la mwaka 1992 ndilo la kwanza kuchorwa hivyo. Leo Sentinel-1 ya Ulaya hufanya kazi hiyo dunia nzima, na tangu 2018 kampuni ya ICEYE ya Finland imeonyesha kwamba rada inaweza kubebwa na setilaiti isiyofika kilo 100.

Rada haisemi lini. Inaonyesha wapi ardhi inakusanya mkazo, ufa upi umenasa na upi unateleza taratibu. Ukiniuliza fedha ziende wapi kwanza, ningesema huku. Aliyejua ufa wake umenasa anaweza kujenga ipasavyo miaka 30 kabla, na hilo linaokoa watu wengi kuliko onyo la siku tano lisiloaminika.

Mianga angani, mawingu ya ajabu, wanyama kukimbia?

Mianga wakati wa kutikisika imepigwa video mara nyingi. Mingine ni nyaya za umeme zinazogusana, mingine bado inajadiliwa. Mawingu, hapana. Wanyama ni fani nyingine, na tatizo lake ni lilelile la visanduku vinne: nani aliyeandika siku ambazo mbwa alibweka na ardhi ikatulia?

Tuseme siku moja dalili ithibitishwe. Tutapewa onyo?

Si lazima, na L'Aquila nchini Italia inaonyesha kwa nini. Mapema mwaka 2009 eneo hilo lilikuwa likitikisika kidogokidogo kwa miezi. Fundi mmoja wa maabara aliyekuwa akipima radoni akaonya kuhusu tetemeko katika mji mwingine wa karibu. Halikuja, naye akaripotiwa polisi kwa kuwatia watu hofu. Siku chache baadaye wataalamu wakakutana, na ujumbe uliowafikia wananchi ukawa wa kutuliza. Tarehe 6 Aprili ardhi ikapasuka na watu 309 wakafa. Mwaka 2012 wanasayansi sita na afisa mmoja walihukumiwa kifungo. Wanasayansi wakaachiwa kwa rufaa mwaka 2014.

Onyo la uongo lina gharama, na kunyamaza kuna gharama. Dalili inayopatia mara moja kati ya kumi ingemaanisha kuhamisha mji mara tisa bure. Nani atahama mara ya kumi?

Naweza kuchambua data mwenyewe?

Ndiyo. Kumbukumbu za DEMETER zimehifadhiwa Ufaransa na zinapatikana kwa watafiti, picha za Sentinel-1 ni bure kwa yeyote aliyejisajili, na orodha ya matetemeko ya USGS inapakuliwa bila malipo. Anza kwa kuondoa siku zote zenye dhoruba ya sumaku. Amua mapema, kwa maandishi, dalili yako ni ipi na dirisha lako ni siku ngapi, usibadilishe baadaye. Ukipata matokeo ya kupendeza, chukua tarehe za matetemeko, zichanganye ovyo kama karata, urudie hesabu ileile. Fanya hivyo mara elfu moja. Kama tarehe za uongo zinakupa dalili nzuri sawa na zile za kweli, rudi mezani.